Mpango mkakati wa taasisi ya umma: anzia kwenye shabaha, dira itasubiri

Mkuu, umesema umeajiriwa juzi kama mchumi, bosi amekukabidhi mpango mkakati unaoisha muda na kukuambia "uuhuishe", nawe hujui pa kuanzia. Nimefanya kazi idara ya mipango kwenye taasisi ya umma hapa Tanzania, nitakujibu kwa niliyoyaona.

Umbo lenyewe halina siri. Mwongozo wa serikali umeshaliweka: sura ya utangulizi, uchambuzi wa hali, mpango wenyewe, kisha mfumo wa matokeo, yaani utafuatilia vipi, utatathmini lini na taarifa itaenda kwa nani. Nyuma kabisa kuna muundo wa taasisi na bangokitita, yaani jedwali linalopanga malengo, shabaha na viashiria pamoja. Ni miaka mitano ya fedha, kila mmoja ukianza Julai 1. Malengo hupewa herufi. A ni UKIMWI, siku hizi pamoja na magonjwa yasiyoambukiza, na B ni vita dhidi ya rushwa. Hayo mawili utayakuta kwa anayepima viwanja na kwa anayelinda tembo, kwa hiyo usishangae. Kazi yenu hasa inaanzia C.

Sasa mtaenda kikao kazi, pengine Morogoro, na muda mwingi utaliwa na dira na dhima. Watu wazima watabishana kama muwe "kituo cha umahiri" au "taasisi ya mfano". Waache wabishane, wewe shughulika na shabaha, yaani matokeo yanayopimika chini ya kila lengo.

Mpango wote umesimama hapo. "Huduma za maabara kuimarishwa" si shabaha, hayo ni maombi. Andika kama jambo lililokwisha kutimia, lenye kipimo na tarehe: "Muda wa kutoa majibu ya sampuli umepunguzwa kutoka siku 21 hadi 7 ifikapo Juni 2031." Hizo namba nimezitunga, ila ona zinavyokubana. Lazima ujue leo mko siku ngapi, na mkuu wa maabara hana pa kujificha. Ndiyo maana wakuu wa idara hupenda neno "kuimarishwa".

Shabaha ikishapitishwa inapewa namba yake, mfano C01S, na namba hiyo ndiyo inayobeba shughuli na fedha kwenye bajeti. Kazi isiyo na shabaha ya kuiegemea itakosa pa kukaa mkianza kuingiza bajeti, hata kama mkurugenzi mkuu anaitaka kweli kweli. Halafu inashuka hadi kwa mtumishi mmoja mmoja, maana PEPMIS, mfumo wa kidijitali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, inadai majukumu ya kila mtu yatokane na mpango wa taasisi. Shabaha ya hovyo inazaa majukumu ya hovyo mpaka masjala.

Sura ya uchambuzi wa hali wengi huijaza kwa jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na changamoto, wakaridhika. Mimi ningeweka nguvu zaidi kwenye mapitio ya mpango unaokwisha. Kila shabaha iliyokwama, sema nini kiliikwamisha: fedha haikutoka, zabuni ilichelewa, ikama (idadi ya watumishi mnaotakiwa kuwa nao) haikujazwa, au hakuna aliyeishughulikia. Ukiona "ufinyu wa bajeti" imeandikwa kila mstari, ujue hakuna aliyechunguza.

Kuhusu kuoanisha na mipango ya kitaifa, kipindi hiki ni cha mpito. Mpango wa Tatu wa Maendeleo wa Miaka Mitano unakomea Juni 2026, na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 17, 2025, inaanza kutekelezwa Julai 2026. Msinakili tu ile aya ya Dira inayolenga uchumi wa dola trilioni moja ifikapo 2050. Dira ina nguzo tatu: uchumi, watu, na mazingira. Kwa kila lengo kuanzia C, onyesha linabeba nguzo gani na kwa shabaha ipi. Lengo lisiloangukia popote, uliza kwa nini lipo.

Mwisho, kabla rasimu haijaenda bodi, kaa na mhasibu mkadirie gharama za shabaha zote, halafu mlinganishe na ukomo wa bajeti mliopewa miaka ya karibuni. Zitazidi, karibu kila mara zinazidi. Kata shabaha nzima nzima, usipunguze kidogo kidogo kila mahali kwa kuogopa kuwaudhi wakuu wa idara. Watanuna tu.