Dhahabu ya Tabora haijazi ndoo

Mhariri, wiki hii mliuliza: hadithi za laana, hazina na siri zinazoandamana na magunduzi ya mambo ya kale zina ukweli wowote? Huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania swali hilo lina jina lake, nalo ni mali ya Mjerumani, yaani hazina inayosemwa Wajerumani waliifukia walipokuwa wakirudi nyuma vitani. Ukweli upo, ila una vipimo, na anayesimulia hapendi vipimo.

Mwaka 1916 Wajerumani waliotutawala walikuwa wamebanwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, sarafu hazifiki tena kutoka kwao. Wakapiga zao kwenye karakana ya reli ya Tabora, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Ndipo ikatoka sarafu ya rupia 15, tembo upande mmoja, tai upande wa pili. Zilipigwa 16,198, kila moja gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu. Zidisha mwenyewe: ni kilo 116 hivi kwa jumla. Kwa kuwa dhahabu ni nzito mno kwa umbo lake, lundo hilo lote halijazi ndoo ya lita 20. Wapagazi watano wangelimaliza. Sasa jumlisha masanduku yanayosemwa yamefukiwa Kitonga, Mafinga, Makambako na Tukuyu, pamoja na yale yaliyozamishwa Ziwa Ngozi yakilindwa na nyoka. Ndoo moja imezaa maghala. Tena sarafu zile zilipigwa ili zilipwe, na hadi leo huuzwa minadani Ulaya.

Kwa nini hadithi ikatua kwetu? Tabora ilipoanguka mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916, kikosi cha Wajerumani cha Jenerali Wahle kilirudi nyuma kwa kukatiza nyanda hizi, kikapigana maeneo ya Iringa na Lupembe, na sehemu yake ikasalimu amri Ilembule mwezi Novemba. Kwa hiyo ni kweli wazungu waliotoka Tabora, mji wa dhahabu, walipita huku na mizigo vichwani mwa wapagazi. Jeshi linalorudi nyuma hubeba kwanza risasi, dawa na chakula, lakini aliyeliona likipita na masanduku yaliyofungwa hakuambiwa yaliyomo.

Halafu kuna "alama". Mtu anakuta msalaba, duara au mshale umechongwa kwenye jiwe kileleni, anaita mwenye mashine ya kutambua chuma ardhini. Nyingi ya alama hizo ni bikoni, yaani alama za kupimia ardhi zilizowekwa na wapima ramani, wa Kijerumani na wa Kiingereza waliofuata. Namna ya kuzitambua si ngumu. Simama palepale: je, unaona vilele vingine viwili au vitatu waziwazi? Mpima anahitaji hivyo ili apime pembe. Mwenye kuficha mali hataki kuonekana kutoka pande zote. Kisha tafuta ramani ya eneo ya 1:50,000 na uangalie kama pana pembetatu ndogo yenye nukta na tarakimu za mwinuko. Ikiwepo, rudi nyumbani.

Mashine nayo hudanganya bila kukusudia. Mawe ya volkano ya Rungwe na Mbeya yana chembe za chuma, na changarawe nyekundu ya Iringa vilevile. Mashine ya bei nafuu ikipita juu yake inalia kama imeona sanduku. Mtu anachimba mita mbili, sauti inahama, mganga anasema mali "imekimbia" kwa sababu kafara haikutosha. Haikukimbia. Udongo wenye chuma umetolewa nje kwa chepe, na mashine sasa inalia juu ya kifusi.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo watu wanapofia. Rungwe ina gesi ya kabonidayoksaidi inayopanda kutoka chini. Huko Kyejo huvunwa na kutiwa kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia mabondeni na kwenye mashimo, hasa asubuhi isiyo na upepo. Haina rangi. Shimo la mita tatu likikaa usiku kucha linaweza kujaa kama pipa. Anayeshuka anahema haraka, kichwa kinauma, miguu inalegea. Gesi ikiwa nyingi anaanguka kabla hajapiga kelele. Mwenzake anaruka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Kijiji kinasema mali ina zindiko. Ukishusha kibatari kwa kamba kikazimika, usishuke. Lakini kikiendelea kuwaka usijipe moyo pia, kwa sababu gesi hii humdhuru mtu kabla haijafikia kiwango cha kuzima moto. Aliye chini avutwe kwa kamba aliyofungwa kabla ya kushuka. Kama hakufungwa, asifuatwe na mtu asiye na hewa yake mwenyewe.

Hadithi ya zebaki nyekundu, nayo inayotafutwa kama mali ya thamani, ni fupi. Inasemwa imo kwenye saa, redio na cherehani za kale, na mwaka 2009 uvumi huohuo uliwafanya watu Saudi Arabia wanunue cherehani kuukuu kwa bei za ajabu. Zebaki ni ya rangi ya fedha. Kilicho chekundu ni madini yake yenye salfa, yanayojulikana tangu kale kama rangi ya kupakia, au ni maji tu yaliyotiwa rangi. Chupa ya soda ya nusu lita ikijaa zebaki ina uzito wa karibu kilo 6.8. Akikupa chupa unayoinua kwa vidole viwili, unatapeliwa.

Laana ya Tutankhamun, farao wa Misri, ambayo wengi wataiandikia, ina umbo lilelile. Kaburi lilipatikana Novemba 1922. Lord Carnarvon, aliyegharimia uchimbaji, akafa Aprili 1923, baada ya kujikata kwa wembe penye jeraha la mbu na damu kuingia sumu. Alikuwa ameuza haki ya habari kwa gazeti moja la London, na magazeti yaliyoachwa mikono mitupu yakajilisha laana. Howard Carter, mchimbaji mwenyewe, aliishi hadi 1939.

Ila siungani na wanaocheka kila shaka. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ni mfano. Alijipiga risasi Julai 1898, kichwa kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954. Gavana wa Tanganyika, Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akalichagua kati ya mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na kwa tundu la risasi. Sasa, vipimo vya kichwa huwakusanya watu wengi wa ukoo na hata wasio wa ukoo. Havimtaji mtu mmoja. Na mafuvu yenye tundu la risasi yaliyochukuliwa wakati wa vita vile hayakuwa machache. Kwa hiyo anayesema "huenda si lake" hajazua njama. Ametaja udhaifu wa njia iliyotumika, na kuna njia ya kumjibu, yaani kulinganisha vinasaba na vya kizazi chake, ukoo ukiridhia. Mwenye hadithi ya sanduku la Ziwa Ngozi hakubali kipimo cha aina yoyote; kila kinachomkanusha kinageuka ushahidi kwamba nyoka yupo.

Fuvu lenyewe lipo Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, ndani ya kioo, na tundu unaliona.