Ramani ya kijani, magunzi matupu

SWALI: Mhariri, sisi ni kikundi cha wakulima wa mahindi Handeni. Masika iliyopita mvua ilikatika mahindi yakitoa mbelewele, tukavuna magunzi matupu. Tulipoeleza hasara yetu tulionyeshwa ramani ya setilaiti ambayo eneo letu lote ni kijani. Ramani inadanganya? *Katibu wa kikundi, Handeni*

JIBU: Ndugu Katibu, ramani yaweza kuwa sahihi na hasara yenu ikawa ya kweli vilevile. Ramani nyingi za ukame hutokana na picha za MODIS, kamera iliyo kwenye setilaiti za Marekani, ambazo pikseli yake (nukta moja ya picha) ina upana wa mita 250, yaani hekta 6.25, karibu ekari 15. Shamba la ekari mbili humezwa humo pamoja na pori, mkonge na mikorosho ya jirani, mimea isiyotikiswa na wiki tatu za jua.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kipimo cha NDVI, yaani cha ukijani wa mimea, hulinganisha mwanga mwekundu, ambao jani zima huunyonya, na infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, ambayo jani huirudisha juu. Hupima majani, si punje. Mahindi yakikosa maji karibu na siku za mbelewele, uchavushaji huharibika huku majani yangali kijani. Mvua ikirudi magugu huota, nayo setilaiti huyahesabu sawa na mahindi.

Tumieni picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zenye pikseli ya mita 10. Ekari moja hupata pikseli kama 40. Fungueni Copernicus Browser, tovuti ya kutazama picha hizo (ni bure), chagueni NDVI, kisha choreni mpaka wa shamba mkiingia ndani mita 10 ili miti ya ukingoni isihesabiwe. Ondoeni tarehe zenye mawingu au kivuli chake. Wingu jembamba hushusha NDVI na kuleta ukame wa uongo. Kisha linganisheni siku kumi zilezile za miaka tofauti, kamwe si Aprili na Juni.

Hesabu ni hii: thamani ya NDVI ya mwaka huu toa ya chini kabisa kwa siku hizo katika miaka yote, gawa kwa tofauti ya ile ya juu kabisa na ya chini kabisa, zidisha kwa 100. Tuseme chini ni 0.30, juu 0.70, mwaka huu 0.40: mnapata 25. Chini ya 35 kwa kawaida huhesabiwa ukame. Lakini Sentinel-2 ilianza 2015, kwa hiyo "chini kabisa" yake ni ya miaka michache. MODIS ina kumbukumbu tangu 2000. Tazameni zote mbili.

Andikeni pia tarehe ya kupanda ya kila shamba. Bila hiyo, aliyechelewa kupanda ataonekana ameathiriwa na ukame, na viwavijeshi nao huacha alama ileile.

SWALI: Huku Pangani kila picha ya masika ina mawingu. Nifanyeje? *Msomaji, Pangani*

JIBU: Tumia makadirio ya mvua ya CHIRPS, yanayoanzia 1981 na hutolewa kwa jumla ya siku kumi. Pikseli yake ni kama kilomita 5, basi hayatakuonyesha mvua iliyonyesha kwa jirani ikakuruka wewe. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, ila hupima unyevu na umbo la mimea. Usiichanganye na NDVI kwenye grafu moja.