Nina kilo 72, silali na moyo mzito, nianzie wapi?

Wiki hii barua nyingi zimezunguka mambo matatu, uzito, usingizi na akili, na karibu zote zimetoka kwa vijana wa kampasi hapa Mombasa ama wazazi wao. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa manake najua wako wengi wa hali hii na hawaandiki.

SWALI: Salaam aleikum Ma'mdogo. Mimi ni binti wa miaka 21, niko mwaka wa pili, nakaa hosteli huku Tudor na wenzangu wawili. Nilipoanza chuo nilikuwa na kilo 61, sai niko 72 na urefu wangu ni sentimita 160. Nyumbani nikienda ni "mashallah umenona, chuo chakukubali" na wengine wanacheka wazi wazi. Usiku silali mpaka saa nane saa tisa, saa nyengine nasoma lakini mara nyingi niko tu kwa simu, ikifika saa sita njaa inauma naagiza viazi karai hapo nje ya geti. Asubuhi kichwa kizito, napanda tuktuk hadi kampasi hata kama ni karibu, kwanza nimechelewa na pia sitaki watu wanione natweta. Ni kama mwezi mzima sasa sina raha ya kitu chochote, nalia ovyo, wenzangu wakienda ufuoni Pirates jumapili mimi nasema nina asaimenti. Nimejaribu kukaa na njaa mchana kutwa lakini usiku nakula mara mbili. Mamangu asema ni hasadi, nisomewe. Nauliza, unene ndio umeniletea huzuni ama huzuni ndio imeninenepesha? Na nianzie wapi, manake kila mtu aniambia "punguza kula" tu. (Binti wa Tudor)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana. Hilo swali lako la nani kamtangulia mwenzake limeulizwa na watafiti pia. Mwaka 2010 wataalamu wa Uholanzi walikusanya tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka, wakaona mwenye unene wa kupindukia ana uwezekano uliozidi kwa asilimia 55 wa kuja kupata dipresheni, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, na mwenye dipresheni naye ana uwezekano uliozidi kwa asilimia 58 wa kuja kunenepa kupita kiasi. Yaani yavutana, hili lamleta lile na lile lamleta hili, kwa hivyo usikae ukajitafutia kosa lilianzia wapi, shika pale panaposhikika.

Na wewe hata hujafika kwenye unene wa kupindukia. Chukua 72 gawanya kwa 1.6, utakachopata gawanya tena kwa 1.6, inakuja 28 na pointi kidogo, hiyo ndio BMI yako, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ndio unene wa kupindukia wenyewe. Si jambo la kudharau, huku kwetu ukoo gani hauna mtu anayemeza dawa za sukari ama presha, lakini si msiba wa kukufungia ndani jumapili.

Mimi ningekuanzisha na usingizi, sio chakula. Huko Chicago, utafiti uliotoka 2004, vijana wa kiume 12 wenye afya zao walilazwa masaa manne tu kwa siku mbili, na wakati mwengine wakapewa masaa kumi kitandani kwa siku mbili vilevile. Walipolala kidogo leptini, homoni inayoambia ubongo nimeshiba, ilishuka asilimia 18, na ghrelini, ile ya njaa, ikapanda asilimia 28, na walichotamani zaidi ni vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Sasa viangalie viazi karai vyako vya saa sita, kiazi, unga, mafuta, chumvi. Watu wakikwambia huna nidhamu usiwaamini, ule mwili umekoseshwa usingizi na unadai haki yake kwa njia ya tumbo.

Tena mwaka 2022, hapo hapo Chicago, wakachukuliwa watu 80 wa miaka 21 hadi 40, BMI zao kati ya 25 na 30 kama wewe, wote wenye mazoea ya kulala chini ya masaa sita na nusu. Nusu yao wakashauriwa tu jinsi ya kulala zaidi, hakuna daieti hakuna jim. Wakaongeza kama saa moja na dakika kumi hivi kwa usiku, na ukiwalinganisha na wale wengine wakawa wanakula pungufu kwa kalori kama 270 kila siku bila kuambiwa wapunguze kula. Soda nzima ya nusu lita haifiki kalori hizo! Kwa hivyo hao wanaokwambia "punguza kula tu" wameanza mwisho wa kamba, na kule kushinda na njaa mchana pia uache, kula asubuhi na kula mchana ushibe, njaa ya usiku itapungua makali.

Sasa utalala vipi. Usiruke kutoka saa tisa hadi saa nne kwa usiku mmoja, utagaragara tu. Chagua saa ya kuamka kwanza, tuseme saa kumi na mbili unusu, uishike kila siku hata jumapili, halafu saa ya kulala uirudishe nyuma nusu saa nusu saa mpaka upate masaa saba angalau. Simu ichajie mbali na mkono, kama unalala juu kwenye dabodeka basi iwe chini, manake najua vile mkono unavyoitafuta chini ya mto kila ikilia. Na joto la huku tusijidanganye, kaskazi ikiwa kali chumba cha watu watatu na feni moja ni tanuri, na mwili ili ulale lazima upoe kidogo, kwa hivyo koga kabla ya kulala, lala na khanga nyepesi, na mpatane na wenzako kitanda kipi kinapata upepo siku gani. Kahawa mwisho mchana, ile ya saa kumi na moja jioni karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa nne usiku, na hizi enaji drinki ni hivo hivo. Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, hukuitaja lakini hosteli nazijua, mtu anatafuna ili akeshe na vitabu. Mle ndani mna kathinoni, ni jamaa ya amfetamini, dawa za kuchangamsha ubongo, inafukuza usingizi na njaa leo halafu kesho mtu yuko chini kabisa, hana raha na mtu. Mwezi wa tano 2024 kaunti ilipoipiga marufuku na mambo yakaenda kortini watu walibishana sana kuhusu biashara, na mimi niliumia kuona usingizi na akili za hawa watoto hazitajwi sana. Kama unatumia acha, na kama wenzako wanatumia ukeshe nao, hama meza.

La pili ni kutembea. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, ambayo ukigawanya ni kama dakika 22 kwa siku ukianza na kiwango cha chini, na wakaondoa ile sharti ya zamani ati lazima ziwe dakika kumi kwa mpigo ndio zihesabike. Kila dakika yahesabika. Kwa hivyo ile tuktuk ya asubuhi ndio dawa yako ya kwanza, nauli ibaki mfukoni. Kutweta usikuonee haya, kipimo ni hiki, ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ni huo huo unaotakikana. Toka mapema kabla jua halijachoma ama baada ya alasiri, ukiwa na mwenzako kwa ajili ya usalama, raba miguuni na buibui isiyoburuta inatosha, huhitaji nguo za matangazo. Mkipata nafasi jioni nendeni Mama Ngina kando ya bahari, upepo wa bahari bure, na utaona wamama wakubwa kuliko wewe wanapiga hatua na hakuna anayewatazama. Siku mbili kwa wiki ongeza la misuli, kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, kuusukuma ukuta, chumbani hapo hapo.

Lakini nisikilize hapa vizuri. Waweza kutembea mwezi mzima mizani isisonge na bado moyo ukawa mwepesi na usingizi ukaja, kwa sababu mazoezi yanasaidia dipresheni hata kilo zikibaki pale pale. Ukijipima kwa kilo tu utakata tamaa wiki ya pili na utaacha kitu kilichokuwa kinakutibu.

La tatu ndilo lililonishika zaidi. Mtu akikosa raha ama akiwa na huzuni karibu kila siku kwa wiki mbili, madaktari wanataka kumuona, na wewe ushapita mwezi. Nenda ofisi ya mkuu wa wanafunzi chuoni (Dean of Students) uulize mshauri, hapo ndio pa kuanzia, na wakiona haja watakupa rufaa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili na si mahali pa kuogopa. Ukiwa huko mwambie daktari akupime damu, sukari na thairoidi, ile tezi ya shingoni, na umwambie kama hedhi yako inaruka miezi, kwa msichana aliyeongeza kilo hilo halifichwi. Mamako akitaka usomewe, somewa, dua ni kheri na haigombani na daktari, ila usiache moja kwa ajili ya nyengine. Na nakuuliza wazi, hukuandika lakini nauliza, je, umewahi kufikiria bora usiamke? Kama ndio, usingoje miadi, mwambie mwenzako wa chumba leo hii na muende hospitali leo hii. Niandikie tena mwanangu, nataka kujua.

SWALI: Shikamoo Ma'mdogo. Mwenzangu wa chumba ni kibonge, anakoroma ukuta mzima, halafu ghafla ananyamaza kimya kama amekata pumzi kisha anashtuka. Darasani analala lekcha akiongea. Tunamcheka sana lakini sai naogopa. (Kijana wa Kisauni)

JIBU: Marahaba, na umefanya vizuri kuogopa. Hiyo dalili ya pumzi kukatika usingizini ni ugonjwa, njia ya hewa kooni inajifunga, oksijeni inashuka, ubongo unamuamsha, na huenda inarudia hivo mara nyingi usiku mmoja. Ndio maana analala masaa manane na bado anasinzia, hasira karibu, hakumbuki alichosoma. Mrekodi kwa simu akikubali, apeleke kwa daktari aseme wazi "pumzi yangu inakatika nikilala". Kwa sasa alale ubavu, asilale chali, na asiguse pombe wala vidonge vya usingizi manake vinalegeza koo zaidi. Uzito ukipungua inasaidia, lakini wembamba pia wanao ugonjwa huu, kwa hivyo mwache kumcheka, na bodaboda asiendeshe mpaka aonwe.

SWALI: Dada, mwanangu ameenda kampasi amerudi mnene sana na mkimya. Nimwambie vipi apunguze? (Mama, Likoni)

JIBU: Dadangu, uzito usiutaje, anaujua. Uingereza mwaka 2014 utafiti wa watu wazima karibu elfu tatu waliofuatiliwa miaka minne ulionesha waliosema wanabaguliwa kwa unene wao waliongeza karibu kilo moja, na wasiobaguliwa walipungua kidogo. Yaani maneno hayakondeshi mtu. Anza na ule ukimya, muulize analala saa ngapi na ana rafiki gani huko, na akianza kusema usimkatize kwa nasaha. Akiwa likizo mwambie akusindikize sokoni kwa miguu, mtaongea njiani, vijana wanasema zaidi wakiwa hawajatazamwa usoni. Mahamri ya asubuhi yabaki, ni chakula cha nyumbani kwake, punguza soda ndani ya nyumba kwa watu wote wala sio kwake peke yake, na wale ndugu wenye kumwita "bonge" waambie wewe mwenyewe waache, yeye hawezi kuwaambia. Akikataa kwenda kwa mshauri mwezi huu mtajie tena mwezi ujao.