Sungura wa ndani: cha kuwatandazia na jinsi ya kuwazoesha choo

Mkuu, umesema sungura wako wawili wanakaa ndani, umewatandazia maranda ya kwa seremala, wanakojoa kila mahali na asubuhi harufu inakuwasha macho.

Maranda toa yote leo. Kwa seremala mbao za kila aina zinaangukia lundo moja, pamoja na zilizopigwa dawa ya mchwa, na gunia halisemi limebeba nini. Hata paini isiyo na dawa inatoa kemikali zinazosumbua mapafu na ini la sungura. Isitoshe, sungura hutafuna anacholalia, na hawezi kutapika. Kwa hiyo hata ule mchanga wa choo cha paka, unaoganda ukilowa, usiuguse: ukimezwa unavimba na kuziba utumbo.

Mimi natandaza magazeti ya zamani, yasiyong'aa, tabaka nene, juu yake nyasi kavu za kutosha. Gazeti linanyonya, na akilidokoa kidogo haimdhuru. Nyasi zinuse kabla hujaweka. Masika hapa Dar zinashika ukungu upesi. Pumba za mpunga zina vumbi mno, waachie kuku. Kama sakafu ya banda ni waya mtupu, ifunike, maana nyayo za sungura ni manyoya tu na zinachubuka mpaka vidonda.

Sasa choo. Usiwachagulie kona, watazame. Utamwona anarudi kinyumenyume hadi pembeni, anainua mkia, basi ndipo hapo. Weka besheni pana lenye ukingo mfupi, lenye gazeti na nyasi, utupie na karatasi iliyolowa mkojo wao na punje chache za kinyesi. Nyasi za kula zirundike upande mmoja wa besheni hilohilo. Sungura anapenda kula huku akinya, aibu hana. Badilisha kila siku, ila bakiza harufu kidogo wasipotee njia.

Punje kavu mbili tatu nje ya besheni ni za kufagia tu. Mkojo wa kurusha ukutani ndio habari nyingine: dume akishabalehe, kuanzia miezi minne hivi, anaweka mipaka yake, na hapo dawa ni kuhasi. Muulize daktari wa mifugo kama ameshawahi kuhasi sungura, maana dawa ya usingizi kwao inataka mzoefu.

Ukoko mweupe kwenye besheni ni chokaa ya mkojo, loweka kwa siki, utabanduka. Jik usimwage juu ya mkojo, gesi yake ni sumu kwako na kwao. Mkojo wa rangi ya kutu mara nyingi ni chakula tu. Ukiona matone ya damu, au anajikamua hatoi kitu, kimbia kwa daktari.

Hao wako ni dume na jike, au? Na wana umri gani? Kama ni dume na jike, watenganishe kwanza, choo kitafuata.