Hujafasiri, umetafsiri tu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Mwanza, na tasnifu yangu inahusu wanawake wanaonunua, kuanika na kuuza dagaa katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Mahojiano nimefanya kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Msimamizi amenirudishia sura ya nne akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: “Umetafsiri tu, hujafasiri.” Kamusi niliyonayo inayapa maneno haya maana zinazokaribiana mno. Tofauti yake ni ipi? Na aina hii ya utafiti, inayochambua maneno ya watu badala ya takwimu, niiite ya ubora, ya kimaelezo au ya kitaamuli? Nimeambatisha aya moja uione, pamoja na mahojiano yenyewe.

Jibu: Marahaba, binti. Kamusi haijakudanganya, na msimamizi wako hajakuonea.

Maneno hayo ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Huko kwao *tafsir* ni ufafanuzi wa maana, hasa wa aya za Kurani. Kazi ya kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine wanaiita *tarjama*, na sisi tukapata kutarjumi. Kiswahili kiliichukua tafsiri kikaibebesha kazi zote mbili. Ndiyo maana mpaka leo mtu hutafsiri ndoto, mahakama hutafsiri sheria, na katika sheria zetu nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili utakuta mwanzoni kifungu chenye kichwa “Tafsiri” kinachoeleza maana ya maneno yaliyotumika. Hapo hakuna aliyekosea.

Ila wewe unaandika tasnifu, tena yenye lugha mbili ndani yake. Kwako neno moja halitoshi, kwa sababu kazi unazofanya ni mbili. Kisukuma cha mama wa mwaloni unakileta katika Kiswahili: hapo unatafsiri. Halafu unamweleza msomaji maneno yale yalikuwa na maana gani kwa aliyeyasema, mahali pale, mbele ya watu wale: hapo unafasiri.

Tuitazame aya yako. Mchuuzi anataja bei. Mama anamjibu “Wabeja”, anavuta turubai, anafunika dagaa wake. Wewe umeandika: “Mhojiwa alimshukuru mnunuzi.” Kama tafsiri, sina neno, *wabeja* ni asante. Lakini tangu lini mtu akashukuru huku anafunika mzigo? Nimepekua viambatisho vyako, na jibu limelala humo humo. Kurasa chache mbele mama huyo anakueleza kwamba mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hailali ziwani, maana taa haivuti dagaa mpaka kuwe na giza, na siku hizo hela ya mboga humkopa mchuuzi yule yule. Kwa hiyo ile “wabeja” imekataa bei bila kumkataa mtu. Bei yako siitaki, lakini mwezi ukikua nitakuja kwako. Ukiandika hivyo, na ukaonesha ni maneno yake yapi na tendo lipi vilivyokufikisha hapo, umefasiri. Ukiandika hivyo bila kuonesha, umebuni, na wino mwekundu utarudi.

Wanaofundisha mbinu hizi hupenda mfano alioutumia Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani, mwaka 1973, naye akikiri kuwa ameuazima kwa mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle. Wavulana wawili wanafumba na kufumbua jicho moja upesi. Mmoja jicho linamcheza tu, mwenzake anampa rafiki ishara ya siri. Kamera haitaona tofauti yoyote. Atokee wa tatu anayemwigiza yule wa pili ili watu wacheke, na jicho ni lile lile. Kueleza mpaka tofauti hizo zionekane ndiko Geertz alikokuita maelezo mazito, na wapo wanaodhani uzito huo ni wingi wa kurasa.

Kiswahili kimekurahisishia sehemu ya kazi: jicho linacheza, mtu anapepesa, mtu anakonyeza. Lakini hapo hapo pana mtego. Ukiandika “alinikonyeza” kwenye daftari la uwandani, umeshafasiri kabla hujarudi nyumbani. Andika kwanza kilichoonekana, ndipo useme kwa nini unakiita konyezo.

Sasa mitego ya maneno yenyewe. Wa kwanza naukuta sana katika kazi za Kanda ya Ziwa: *fasili*. Kisukuma hakizitenganishi l na r kama Kiswahili, na mkono huandika kile sikio lilichozoea. Katika uandishi wa kitaaluma kufasili ni kutoa maana ya neno au dhana, kama unavyofanya katika sura ya kwanza unaposema “mwalo” ni nini. Kufasiri ni kazi ya sura ya nne. Kihariri cha kompyuta hakitakusaidia, maana yote ni maneno halali.

Wa pili ni *mfasiri*. Lugha haikuwa na adabu ya kufuata mgawanyo wetu: mfasiri, kwa mazoea ya taaluma, ni yule anayetafsiri vitabu na nyaraka. Ukijiita “mtafiti mfasiri” msomaji atadhani ulikodiwa kugeuza Kisukuma kuwa Kiswahili. Baki na kitenzi: mtafiti anafasiri. Mkabala wenyewe uite wa kifasiri, uueleze kwa sentensi moja unapoutaja mara ya kwanza, basi.

Wa tatu ni “inafasiriwa kama”. Hiyo *kama* ni ya kuazima na haina kazi hapo. Sema “nimeifasiri kuwa”. Nami napendelea hiyo *ni-* kuliko *-wa* ya kutendwa, kwa sababu “inafasiriwa” humficha aliyefasiri, na katika utafiti wa aina hii msomaji ana haki ya kujua ni nani aliyekuwa amekaa pale mchangani akisikiliza. Idara yako ikishikilia “mtafiti alibaini”, andika hivyo. Usigombane nao kwa hilo.

Kuhusu jina la utafiti: ubora hapana. “Utafiti wa ubora wa dagaa” ni wa kupima mchanga na unyevu kwenye gunia. Kimaelezo kinaeleweka, ila utafiti wa takwimu nao una maelezo. Kitaamuli, kutokana na taamuli, yaani kutafakari kwa kina, ndicho kilichozoeleka katika tasnifu za Kiswahili, na ndicho ningekitumia. Mwaloni usikitaje. Waambie akina mama kwamba umekuja kusikiliza wanavyoiona kazi yao; watakuelewa kuliko msimamizi.

Unapoirekebisha sura hiyo, weka kwanza maneno ya Kisukuma kama yalivyotamkwa, chini yake tafsiri kwa herufi za mlazo, kisha fasiri yako katika aya ya kawaida. Anayejua Kisukuma ataweza kuipinga tafsiri yako bila kuigusa fasiri, na asiyekijua ataweza kuipinga fasiri bila kuigusa tafsiri.