Jumamosi na mapacha, mama yuko zamu

Ndugu, umeuliza ufanye nini na mapacha wa miaka 4 Jumamosi mama yao akiwa zamu. Mimi nina wawili, tunakaa Kirumba, hapa Mwanza. Wapeleke asubuhi kwenye gati la kivuko cha Kamanga, pale mjini, waangalie magari yakishuka. Wangu huhesabu malori mpaka wanasahau njaa. Ila washike mkono, na usiwaache wachezee maji ya ufukweni hata yakiishia magotini: ziwa letu, Victoria, lina kichocho, na konokono wanaokieneza hupenda penye majani. Jua likiwa kali rudini nyumbani, wape beseni la maji ya bomba na vizibo vya soda, ukae hapohapo. Simu iache ndani. Wangu wakiniona nayo tu, ugomvi unaanza.