Dagaa juu ya chanja: jibu kwa mwalimu wa Sayansi

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Nafundisha Sayansi darasa la tano katika shule ya kando ya ziwa, kaskazini ya mji wa Kigoma. Wanafunzi ni 87, vitabu havitoshi, maabara hakuna. Mwezi uliopita niliwatoa nje kuangalia kichuguu. Mwalimu mkuu akasema nawachezesha watoto badala ya kuwaandaa kwa mtihani, na wazazi wa kamati wakamuunga mkono. Je, nirudi kwenye kukaririsha?
Mwalimu wa Mwambao

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usirudi.

Nilifundisha somo hilo miaka 31, na kumi ya mwanzo nilikaririsha. Watoto wangu waliitaja maana ya mvukizo kwa sauti moja, nukta na mkato, ilhali mama zao walikuwa wakianika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki, kila asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Mwalimu, si ndicho anachofanya mama?" Kosa lilikuwa langu, na linaniuma mpaka leo.

Siku moja nikaazima mizani kwa mchuuzi, nikanunua kilo mbili za dagaa mbichi. Kilo moja tuliianika mchangani, nyingine juu ya chanja, yaani kichanja cha kuanikia kilichoinuliwa kutoka ardhini. Kila saa kundi moja lilipima na kuandika. Za juu ya chanja zilipungua haraka, kwa kuwa upepo ulizipita juu na chini. Zilipokauka kabisa, kilo ile ilikuwa imebaki robo na kidogo. Za mchangani zikatutatiza: zilikauka polepole, na hata zilipokauka zilikuwa nzito kuliko zile za chanjani. Mtoto mmoja akasema mizani imeharibika. Mwingine, binti ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono, akachukua chekeche la nyumbani kwao, akazichekecha, akaupima mchanga uliotoka. Hesabu ikakaribiana na ule uzito uliozidi. Sikuwa nimemfundisha hilo. Niliwahi kumwandikia kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa.

Mama yake ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa wazazi. Aliwaeleza kuwa binti amemshauri ajenge chanja, na sasa mnunuzi halalamikii tena mchanga. Mimi sikuhitaji kusema neno.

Kwa hiyo mwalimu mkuu usimwone adui. Yeye huulizwa matokeo tu. Hakuna anayemuuliza watoto wameona nini. Nenda na karatasi za mitihani iliyopita, mwonyeshe maswali yanayohusu kile unachotaka kwenda kukipima, kisha omba kipindi kimoja kwa wiki, kwa muhula mmoja. Mwalike mjumbe wa kamati aje ashike saa. Kundi la watoto 87 ligawe kumikumi, kila kundi na daftari lake moja. Bila maandishi, kweli mtaonekana mmeenda kutembea.

Akisisitiza kwamba hakuna sayansi bila maabara, mtajie Gombe, hifadhi ya sokwe hapo jirani yenu. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika mwaka 1960 akiwa hana shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na darubini, daftari na subira. Mwaka uleule alimwona sokwe akichomeka unyasi ndani ya kichuguu na kuvua mchwa, wakati wataalamu waliamini binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Na wewe ulikuwa umewapeleka watoto kwenye kichuguu! Maabara tuendelee kuidai, maana watoto wa Kigoma wanastahili hadubini kama wa kwingine, ila darasa la tano hupitwa mara moja tu.

Peleka ombi lako wiki hii, mvua hazijaanza. Na uangalie mwezi kabla ya kupanga siku. Mbalamwezi ikiwa pevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika, nawe utafika mwaloni ukute chanja tupu. Chagua siku za giza. Watoto wakikuuliza kwa nini, hicho ndicho kipindi cha wiki inayofuata.